Kwa Erastus Nguma, Aliyewanolea Watu wa Junda Mbuzi za Kukunia Nazi

Ulituacha mwezi wa Mei, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, masika yakiwa yamekolea na maji yamesimama katika vichochoro vya mtaa wetu wa Junda tangu alfajiri. Leo mwaka umetimia, Erastus. Mvua imerudi, wewe hukurudi.

Tunakuandikia sisi watu wa nyumba yako, na atakayesoma na asome. Wengi walikujua kwa jambo moja tu, kwamba uliwanolea majirani mbuzi za kukunia nazi na hukumtoza mtu hata senti. Sisi tulikujua kwa mengine pia. Tulijua kwamba hukuonja samaki kabla ya kumpa paka kichwa. Tulijua kwamba shati la kanisani ulilifunga vifungo vyote hadi cha shingo, hata mwezi wa Februari jua linapochoma mabati. Tulijua kwamba ulimwita mkeo Kache "Mwalimu" kwa miaka arobaini na sita, ingawa hukuwahi kuketi katika darasa lake hata siku moja.

Kazi yako ilikuwa vyuma. Miaka thelathini na mmoja ulikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Ulipostaafu ulirudi nyumbani na jiliwa la kubania chuma, tupa tatu za kunolea, na mazoea ya kuamka kabla ya watu. Ulilifunga jiliwa kwenye benchi karibu na lango, ukasema utatengeneza bawaba za milango ya nyumba hii mpaka zikome kulia. Zikakoma.

Kisha Mungu akamchukua Matthew, mwanao wa pekee wa kiume.

Hukulia mbele ya watu. Uliingia ndani, ukaketi kwenye kiti kile kirefu kinachotazama ukuta, na kwa miezi mingi hukutoka ila kwa kuitwa. Chakula ulikitafuna ukakisahau mdomoni. Usingizi ulikukimbia. Presha ilipanda, na vidonge ulivyopewa katika zahanati ulivimeza kwa wakati, lakini havikufua dafu. Mkeo alikusomea Zaburi, nawe ulisikiliza kwa adabu, kama msafiri asikilizaye mazungumzo ya abiria wengine.

Aliyekutoa kwenye kiti kile hakuwa mchungaji wala daktari. Alikuwa jirani yetu Nyevu, muuza mbaazi na mahamri, aliyebisha hodi asubuhi moja akiwa na mbuzi yake kwapani, imefungwa kwa leso.

"Shikamoo, baba. Mbuzi yangu haikuni tena, inalamba tu. Wateja wanasema tui langu ni maji ya mvua."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione."

Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya siku nyingi, kukusikia ukimjibu mtu kabla hajarudia maneno yake. Uliibana mbuzi kwenye jiliwa, ukachukua tupa ya pembe tatu, ukalipitia jino moja moja kutoka kushoto kwenda kulia. Uliipaka tone la mafuta ya nazi. Ulipomaliza ulimtaka Nyevu akune mbele yako, na nazi ikashuka laini kama unga. Mchana ule uliomba uongezewe wali.

Kesho yake wakaja wawili. Baada ya mwezi, lango letu halikufungwa tena asubuhi. Walikuja wenye mbuzi, wenye visu vya samaki, wenye makasi ya kushonea, hata mzee mmoja aliyeleta jembe. Pesa ulizikataa. Ada yako ilikuwa habari moja: mtu alitakiwa akuambie nyumbani kwake wameamkaje, na aseme kweli. Mwenye mgonjwa alisema ana mgonjwa. Mwenye furaha alisema furaha yake. Wewe ulinoa huku ukisikiliza, na kesho yake ulikumbuka yote na kuulizia.

"Wewe ni fundi au ni gazeti?" mkeo alikuuliza siku moja, kwa maana alichoka kukanyaga unga wa chuma.

"Gazeti hununuliwa, Mwalimu. Mimi nasomwa bure."

Muuguzi wa zahanati, Sista Wanjiru, alikupima akatazama kipimo mara mbili. "Mzee, presha imeshuka vizuri. Ni nani amekubadilishia dawa?"

"Dawa ni zile zile, sista. Nimebadilisha kiti tu."

Tulicheka wakati ule. Hatukujua kwamba ulikuwa umesema jambo la kweli kuliko yote tuliyosomewa kwenye makaratasi ya dawa.

Sasa tunaandika sehemu ambayo mkeo ametaka iandikwe. Amesema kosa lisifichwe kwa sababu limefanywa na mtu mzima.

Mwezi wa Juni, mwaka juzi, ulipata kizunguzungu ukiwa benchini, ukaanguka na kupasua paji la uso. Daktari wa hospitali alisema maneno mawili tu: "Mzee apumzike." Mkeo aliyapokea kama alivyoyapokea maagizo yote maishani mwake, neno kwa neno. Jioni ile ile aliandika langoni kwa chaki, kwa mwandiko ambao nusu ya Junda iliufuata ilipokuwa ikijifunza herufi: MZEE ANAPUMZIKA. VYUMA HAVIPOKEWI.

Uliusoma. Ulisema, "Mwandiko mzuri," ukaingia ndani.

Mkeo aliogopa, Erastus. Alikwisha kumzika mwana. Hakuwa tayari kumzika na baba. Kwake yeye, kila mtu aliyebisha hodi alikuja kuchota katika mtungi uliobakiwa na maji kidogo. Ndiyo maana Nyevu alipokuja asubuhi ya tatu, mkeo alimkabili akiwa amelishika komeo.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kusoma umesahau?"

"Sijasahau. Sikuja na mbuzi leo. Nimemletea baba mbaazi zake, zile za tui zito."

"Nyinyi ndio mliomla mzee huyu. Mlimnoa yeye mkadhani mnanoa mbuzi! Mkimpenda kweli, mwacheni."

Nyevu alisimama na bakuli lake mkononi. Aliondoka akitembea polepole, asije akamwaga, na tangu siku ile hakupita tena mbele ya lango letu. Alizunguka kwa njia ya kisimani.

Wewe ulitii. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo, kwamba ulitii bila kulalamika. Ulirudi kwenye kiti cha kutazama ukuta. Siku ya kumi uliacha kunyoa ndevu. Siku ya ishirini uliacha kuuliza leo ni siku gani. Ulipoulizwa umeamkaje, ulijibu, "Nipo." Kidole gumba chako kilipita juu ya ukingo wa meza, kikienda na kurudi, kikitafuta meno yasiyokuwepo. Paka alikaa chini ya meza akisubiri kichwa cha samaki, nawe hukumwona.

Mkeo alikutazama, akajiambia kwamba mgonjwa hudhoofika kabla ya kupona.

Katika zahanati, Sista Wanjiru alifunga kipimo, akakunja uso. "Imepanda tena. Vidonge anameza?"

"Mbele ya macho yangu," alisema mkeo.

"Mzee, siku hizi unamsaidia nani?"

"Namsaidia Mwalimu," ulisema. "Kwa kunyamaza."

Muuguzi yule hakucheka. Alimvuta mkeo kando, akamwambia kwa heshima, "Mama, daktari alimkataza kuchoka, hakumkataza watu. Mtu akimtendea mwenzake jema, mwili wake mwenyewe unatulia. Nimewaona wengi hapa. Wale ambao hawana wa kumtendea ndio wanaonirudia kila wiki."

Mkeo alijibu kwamba yeye hakuja kufundishwa.

Jumapili binti yako Ruth alivuka feri kutoka Likoni kuja kukuona. Aliketi nawe saa nzima, kisha akamfuata mama yake jikoni. "Mama, ulimfungia baba kazi, au ulimfungia watu?"

"Nilimfungia kifo."

"Basi umekifungia humu humu ndani pamoja naye."

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia Mwalimu Kache maneno kama hayo akabaki na raha. Siku ile mkeo aligeukia sufuria tu, akakoroga kitu kilichokuwa hakihitaji kukorogwa.

Asubuhi iliyofuata alitenda jambo ambalo mwanafunzi wake angelitenda, angemwadhibu. Alichukua mbuzi yake mwenyewe, uliyomnolea wewe mwezi wa Mei na ambayo ilikuwa inakata hata kwa kutazamwa. Alikwenda uani, akapiga magoti kwenye ngazi ya saruji, akaisugua mpaka meno yakawa butu kama ufizi. Kisha akakuletea.

"Baba Ruth, hii imeishiwa makali. Nitapikaje wali wa nazi?"

Uliigeuza kwenye mwanga. Ulipitisha kidole gumba.

"Nilikunolea Mei."

"Nazi za siku hizi ni ngumu."

"Naona. Ni nazi zenye saruji." Nawe ukamwonyesha chembe ya kijivu iliyonasa kati ya jino na jino.

Mkeo alisimama kama mtoto aliyekamatwa na chaki mfukoni. Ndipo ulipoanza kucheka. Ulicheka mpaka ukatokwa na machozi. Kisha kicheko kikaondoka, machozi yakabaki.

"Mwalimu," ulisema, "Matthew alipoondoka sikuwa na sababu ya kushuka kitandani. Nyevu aliniletea sababu, ameifunga kwa leso. Wewe ulidhani wananipunguza."

"Nilidhani."

"Nipe tupa. Na unipe ada yangu."

"Ada gani? Mimi ni mkeo."

"Habari moja. Kwa Nyevu wameamkaje?"

Mkeo hakujua. Kwa wiki tano hakuwa amejua habari ya nyumba yoyote ila hii.

"Basi nenda ukaulize," ulisema, ukiifunga mbuzi kwenye jiliwa kwa mikono iliyokwisha kukonda. "Sinoi kwa mkopo."

Alikwenda. Alimkuta Nyevu ameinama juu ya sufuria ya mbaazi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nyevu bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Mzee anauliza mmeamkaje."

"Mwambie tumeamka na mbuzi butu na maneno makali."

Mkeo alishusha pumzi. "Nyevu, maneno niliyokuambia langoni hayakuwa ya haki. Niliogopa. Nilidhani nikiandika pale, kifo nacho kitasoma kipite."

Nyevu aliweka mwiko chini, akampangusia kigoda. "Keti, Mwalimu. Kifo hakikwenda shule."

Wakaketi. Mkeo alirudi na habari kwamba mama yake Nyevu, kule Kaloleni, sasa anatembea kwa fimbo moja badala ya mbili. Alirudi pia na bakuli la mbaazi, na mbuzi ya Nyevu kwapani. Alifuta chaki langoni kwa kitambaa kibichi. Alikupa kiti chenye mgongo cha kukalia benchini, na sharti moja: saa nne ikifika, tupa inawekwa chini. Ulilishika sharti hilo, ila siku ulizojifanya husikii saa.

Ulinyoa ndevu. Ulianza tena kuuliza ni siku gani, kwa sababu sasa siku zilikuwa na watu ndani yake. Tulipata miezi tisa. Tunajua si mingi. Tunajua pia kwamba tungeweza kupata miezi tisa ya ukuta.

Ni katika miezi hiyo alipohamia Mueni, mama kijana kutoka Machakos, akapanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Alikuja kwako amebeba mbuzi mpya ya soko la Kongowea, ameishika kama kitu kitakachomrukia.

"Mzee, hii kiti ni ya aina gani? Mbona iko na meno?"

"Ni kiti cha mwenye subira, mama. Keti taratibu, meno yawe mbele yako, wala si nyuma. Nyuma utajuta."

Ulimfundisha kukuna, wewe mwanamume wa Kigiriama mwenye mvi, na wapita njia wakakucheka, nawe ukawacheka wao. Mueni akawa anakuletea habari ndefu kuliko wote.

Asubuhi uliyotuacha, mbuzi yake ndiyo iliyokuwa kwenye jiliwa. Mueni alikwishakueleza habari zake, akaenda kazini. Mkeo alikuwa jikoni akiisikia tupa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kisha ikanyamaza. Alidhani mvua imekuingilia. Alitoka na mwavuli akakukuta umeegemea kiti kile chenye mgongo, mikono mapajani, nusu ya meno ya mbuzi yanang'aa na nusu bado.

Mueni hakuja kuidai. Alikuja matangani, akapika, akaosha masufuria siku zote, na kila alipolipita jiliwa aligeuza uso. Baadaye tulisikia kwamba anaazima mbuzi ya jirani kila anapopika. Mkeo alilifunika benchi kwa turubai, mbuzi ikiwa bado imebanwa. Hakuweza kuifungua. Kuifungua ilikuwa kama kusema umemaliza.

Tuseme kweli, Erastus, kwa kuwa hii ndiyo ada uliyoitaka siku zote. Mwaka huu nyumba yako haikuamka vizuri. Mkeo aliacha kufundisha watoto wa Jumapili. Aliacha kuimba sauti ya pili kanisani. Alifungua kitabu cha nyimbo akakitazama tu. Watu walipomletea chakula alishukuru, akakiweka kando. Hakuna tulilomtendea lililomgusa. Tulimpa kila kitu, ila jambo la kumtendea mwingine.

Mwezi uliopita upepo wa mvua uling'oa turubai. Mkeo aliona kwamba kutu imeanza kula upande ulioumaliza wewe. Alisimama mvuani akitazama. Huo ulikuwa wema wako wa mwisho duniani, nao ulikuwa unaliwa, na mwenye mali alikuwa chumba cha nyuma, anaazima.

Alitafuta msasa. Akachukua tupa ya pembe tatu.

Ilimchukua asubuhi tatu. Alijikata kidole siku ya kwanza. Siku ya pili alinyoosha jino moja likalala upande, akalia kwa hasira, akaendelea. Siku ya tatu Nyevu alipita akasimama langoni.

"Mwalimu! Umekuwa fundi uzeeni?"

"Sijawa fundi. Namalizia kazi ya mtu."

"Basi hilo jino la tatu limelewa."

"Nimeliona. Nenda zako, mbaazi zako zinaungua!"

Mchana ule tulimsikia uani akiimba. Ilikuwa sauti ya pili, tena ya chini kabisa, ile ambayo hatukuisikia tangu tukuzike. Alipotambua kwamba tunasikiliza alinyamaza, akatuuliza kama hatuna kazi za kufanya.

Na leo, kabla ya ibada ya kukukumbuka, alimpelekea Mueni mbuzi yake, imepakwa mafuta ya nazi.

Mueni aliipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu, mimi nilisema hii iende na mzee. Sikutaka kukusumbua."

"Hakwenda nayo. Alikuwa na deni kwako, na hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu."

Mueni alipasua nazi, akaketi, akakuna. Alikuna upande mmoja, akakuna na wa pili, kisha akakusanya nazi kiganjani na kuitazama. Nyingine ilikuwa laini kama unga, nyingine ina vipande.

"Upande huu unakuna vizuri kuliko huu," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," alisema mkeo. "Huu ni wa Baba Ruth. Huu ni wangu."

Deni lako limelipwa, Erastus.

Tunaokukumbuka ni mkeo, Mwalimu Kache. Binti yako Ruth na mumewe Kimani, wa Likoni. Wajukuu wako Linda na Nguma, aliyelichukua jina lako. Dada yako Kafedha, wa Kaloleni. Pamoja na Nyevu, Mueni na majirani wote wa Junda. Siku zote tutakazojaliwa kuamka, tutakukumbuka.